Stenotaipu Haina Masikio

Aliyewahi kusaka kazi ya ukatibu mahsusi serikalini anaujua ule mstari wa tangazo: mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Hapa Mbeya, ambako Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi, wapo kina mama wengi ambao vidole vyao bado vinaukumbuka mtihani huo. Mimi ni mmoja wao. Hatimkato, yaani kunukuu maneno ya msemaji kwa alama fupi za penseli, ilinilisha miaka mingi, kisha kompyuta ikaja ikanikuta bado nina penseli mkononi.

Siku hizi nanukuu sauti: mahojiano ya watafiti, mikutano, na kwa kipindi fulani imla za madaktari wa ng'ambo zilizokuwa zikinifikia kwa intaneti. Ndiyo maana binti mmoja wa Uyole alinijia mwezi wa sita, mikono kaificha ndani ya sweta kwa baridi.

"Shikamoo mama. Nimeona kuna mashine ya vitufe 22, inaandika maneno zaidi ya 200 kwa dakika. Nikiipata hiyo si nitafanya transkripsheni ya kitabibu nikiwa nyumbani?"

Marahaba, nikamwambia, lakini hapo umefunga mbuzi wawili kamba moja. Mashine unayoisema inaitwa stenotaipu na ilizaliwa kwa kazi moja, na kazi unayoitaka, ya kunukuu imla za madaktari, ni nyingine. Zinakutana, ila mahali penyewe ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Nilimweleza kwa mdomo na tukaishia kuchora kwenye daftari. Haya ndiyo niliyojaribu kumweleza.

Mkupuo mmoja, silabi nzima

Kibodi ya kawaida huandika herufi moja baada ya nyingine. Stenotaipu huandika silabi, mara nyingine neno zima, kwa mkupuo: unabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, kama mpiga kinanda wa kanisani anavyozikamata sauti tatu kwa mkono mmoja, kisha unaachia. Mashine haijali kidole kipi kilitangulia. Inachukua vyote vilivyobonyezwa na kuvipanga kwa utaratibu wake yenyewe.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mkono wa kushoto una konsonanti za kuanzia silabi, nazo ni saba: S, T, K, P, W, H, R. Vidole gumba vina irabu nne: A, O, E, U. Mkono wa kulia una konsonanti za kufungia, kumi: F, R, P, B, L, G, T, S, D, Z. Katikati kuna nyota, ambayo ikibonyezwa peke yake hufuta mkupuo uliopita. Jumla 22, na juu yake kuna upau mmoja mrefu wa tarakimu.

Mtu makini atauliza: D ya kuanzia iko wapi? Na B, na M, na N, na irabu I? Hazina vitufe vyake. Zinaundwa. T na K kwa pamoja ni D. P na W ni B. P na H ni M. T, P na H ni N. H na R ni L. Irabu I ni E na U zikibonyezwa pamoja. Upande wa kulia kuna ndoa nyingine: P na B ni N ya mwisho, P na L ni M ya mwisho, B na G ni K. Kwa hiyo neno la Kiingereza "blood" linatoka PWHRUD, kwa mkupuo mmoja, na "fever" linatoka TPAOEFR, mkupuo mmoja vilevile. Ukikutana na maandishi hayo bila kuujua mfumo utadhani paka kapita juu ya meza.

Kinachoandikwa ni sauti, tahajia inasubiri nje. Hapo sisi wa hatimkato ya penseli tuna nafuu, kwa sababu tangu Isaac Pitman atoe mfumo wake Uingereza mwaka 1837 wazo ni hilo hilo: andika unachosikia. Tofauti ni kwamba michoro yangu ya penseli naisoma mimi mwenyewe, na baada ya wiki mbili hata mimi inanishinda. Mikupuo ya stenotaipu inasomwa na kompyuta.

Mfumo huu wa vitufe unatokana na mashine ya Mmarekani Ward Stone Ireland, mwanzoni mwa miaka ya 1910, na makao yake makuu yamekuwa mahakama. Shahidi anasema, wakili anamkatiza, hakimu anaingilia, na mwandishi hana ruhusa ya kusema "rudia tafadhali" kila nusu dakika. Ndiyo maana vipimo vya waandishi wa mahakama Marekani vinafika maneno 225 kwa dakika kwa maswali na majibu, kwa usahihi wa asilimia 95. Mwaka 2004 Mark Kislingbury alifikisha maneno 360 kwa dakika. Sisi tuliojisifia 100 hapo tunanyamaza.

Lakini tazama tena ile asilimia 95. Katika maneno 225, asilimia tano ni maneno 11 mabovu kila dakika. Mahakamani mwandishi anarudi baadaye kusafisha. Katika faili la mgonjwa, neno moja kati ya hayo 11 linaweza kuwa jina la dawa.

Imla ya daktari inasimama

Hapa ndipo mbuzi wawili wanapotengana. Mnukuzi wa kitabibu, kwa namna kazi hii inavyofanyika Marekani na kwingineko, hakai chumbani na daktari. Daktari anamaliza kumwona mgonjwa, anarekodi maelezo yake: historia, vipimo, alichokiona, dawa alizoandika. Mnukuzi anapokea faili la sauti, anavaa hedifoni, anaweka mguu juu ya pedali. Akikwama, mguu unarudisha sauti nyuma. Akichoka, anaisimamisha akanywe chai. Kasi ya daktari haimfukuzi mtu.

Kwa hiyo faida ya stenotaipu ihesabiwe upya. Tuseme imla ni ya dakika 10 na daktari anasema maneno 150 kwa dakika. Hayo ni maneno 1,500. Mchapaji wa maneno 50 kwa dakika atahitaji dakika 30 za kuchapa. Wa stenotaipu anayemudu 150 atahitaji 10. Mpaka hapo mashine inaonekana ni muujiza. Sasa ongeza kurudisha nyuma mara tatu kumwelewa daktari anayekula mwisho wa maneno, kutafuta kama dawa iliyotajwa ipo na inaandikwaje, kisha kusoma upya kazi nzima. Tuseme hiyo ni dakika 20. Hizo 20 ni zile zile kwa wote wawili, kwa sababu stenotaipu haina masikio. Mchapaji anamaliza kwa dakika 50, wa stenotaipu kwa 30. Ni nafuu, tena nafuu ya maana pale malipo yanapohesabiwa kwa mstari wa herufi 65, kama ilivyozoeleka katika kazi hii. Lakini si ile nafuu ya mara tatu aliyokuwa ameibeba yule binti kichwani.

Na kwa anayeanza, ambaye bado hajui "ileum" ni sehemu ya utumbo mdogo na "ilium" ni mfupa wa nyonga, zile dakika 20 zinakuwa 60. Hapo kasi ya vidole haina la kusaidia. Maneno hayo mawili yanatamkwa sawasawa. Anayejua kama daktari yuko tumboni au kiunoni ndiye anayejua lipi liandikwe.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naiweka mbele ya kasi: mikono. Mkupuo mmoja badala ya herufi sita, vitufe vyepesi, viganja havirukiruki. Mtu mwenye maumivu ya vifundo vya mikono baada ya miaka ya kuchapa, na tupo wengi, atausikia unafuu huo kabla hajausikia mwendo. Katika baridi ya huku, Juni na Julai, nao si unafuu mdogo.

Kamusi ndiyo mashine yenyewe

Vitufe ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kamusi ndani ya kompyuta, inayosema mkupuo huu ni neno hili. Programu ya bure inayoitwa Plover, iliyoanzishwa na Mirabai Knight wa Marekani mwaka 2010, inakuja na kamusi ya Kiingereza yenye mikupuo zaidi ya laki moja. Hiyo inatosha kuandikia barua na gazeti. Ukiingia wodini utakutana na mashimo, na kila shimo utaliziba mwenyewe.

Chukua dawa ya kisukari, "metformin". Ukiiandika kwa sauti ni mikupuo mitatu: PHET, TPOR, PHEUPB. Kama kila siku unakutana nayo mara 20, utaipa mkato wa mkupuo mmoja na kuuingiza kwenye kamusi yako. Kisha unafanya hivyo kwa dawa za presha, za moyo, za mapafu, kwa majina ya vipimo, kwa sentensi nzima ambazo madaktari huzirudia kama sala. Kazi hiyo haiishi. Mnukuzi mkongwe akikupa mashine yake amekupa chuma tu. Akikupa kamusi yake amekupa miaka yake.

Habari njema ni kwamba maneno ya kitabibu yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyopachikwa mbele na nyuma, na Mswahili hapaswi kuogopa vipachiko. Anayejua kwamba "-a", "-isha" na "-wa" hubadili kitenzi bila kugusa mzizi ataelewa upesi kwamba "-itis" ni uvimbe wa kitu kilichotajwa mbele yake na "-ectomy" ni kukikata na kukiondoa. Kila kipachiko kinapewa mkupuo wake mmoja. Ukiwa na mizizi 200 na vipachiko 50, umeshika sehemu kubwa ya msamiati ambao usingeweza kuukariri neno kwa neno.

Makosa yenye tahajia nzuri

Hili ndilo lililonitisha nilipokuwa najifunza, kwa mwaka mmoja na nusu, kwenye kibodi ya mwanangu ya michezo ya kompyuta. Ukikosea kwenye kibodi ya kawaida unapata neno bovu, na kompyuta inalipigia mstari mwekundu. Ukikosea kwenye stenotaipu unapata neno zuri, lililoandikwa sawa kabisa, ila siyo lililosemwa.

"Limb", yaani mkono au mguu, ni HREUPL. Kidole kimoja cha kulia kikilegea, L ikakosekana, inabaki HREUP, nayo ni "lip". Daktari kasema mguu, faili linasema mdomo, na hakuna mstari mwekundu popote. "Hyper" na "hypo" nazo hutofautiana kwa kipande kidogo cha mkupuo, lakini zikiwekwa mbele ya presha, moja ni iliyopanda na nyingine ni iliyoshuka. Wanukuzi wenye busara hutenga mikupuo isiyofanana hata kidogo kwa jozi za namna hiyo, hata kama mmoja wao utakuwa mrefu. Heri kupoteza mkupuo.

Tarakimu zina mtego wake. Ukishika upau wa juu, vitufe vinakuwa namba, na mpangilio wake kutoka kushoto ni 1, 2, 3, 4, 5, 0, 6, 7, 8, 9. Kwa kuwa mashine hupanga vitu kwa utaratibu wake, siyo kwa utaratibu wako, presha ya 120 inatoka kwa mkupuo mmoja bila shida: 1, 2, 0. Lakini 80 ukiibonyeza kwa pamoja inatoka 08, maana sifuri iko kushoto kwa nane. Inabidi mikupuo miwili, au mkupuo maalumu wa kugeuza. Mtu anayeandika dozi za dawa kwa kasi bila kulijua hili ningependa asiandike ya kwangu.

Je, sauti ikiwa ya Kiswahili?

Swali hili kwetu ni la vitendo zaidi kuliko imla za Marekani. Katika hospitali zetu, iwe ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya au ya misheni kule Ilembula na Ikonda, daktari anaongea na mgonjwa kwa Kiswahili, kisha anaandika Kiingereza kwenye faili au kwenye kompyuta. Hasemi imla. Kazi ya kunukuu sauti za afya iliyopo huku inatokana zaidi na utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake mjini hapa, na popote watafiti wanapohoji wagonjwa na kina mama vijijini kuna sauti ya saa nzima inayosubiri kuwa maandishi. Ni Kiswahili, na ndani yake Kinyakyusa au Kisafwa kinachungulia pale mhojiwa anapokolea.

Vitufe vya stenotaipu vilipangwa kwa silabi za Kiingereza, zinazopenda kufungwa na konsonanti. Zetu ziko wazi: konsonanti, irabu, basi. "Mbeya" inakubali vizuri kwa mikupuo miwili: M na B zinashirikiana P, zinatoka PWHE, kisha KWRA. Lakini "nyanda" inagoma mlangoni. N ni TPH, Y ni KWR. Ukizibonyeza pamoja umepata TKPWHR, na huo tayari ni mkupuo wa "gl". Nyanda za juu zinakuwa glanda. Na mkono wa kulia, wenye vitufe kumi, unakaa bila kazi kwa sababu silabi zetu hazifungwi. Unaweza kuutumia kwa konsonanti ya silabi inayofuata na kuacha irabu ya mwisho ibahatishwe, ila KAT inaweza kuwa kata, kati, katu, au yule paka wa Kiingereza.

Waitaliano, ambao maneno yao pia hupenda kuishia na irabu, walikwenda njia yao. Baraza lao la Seneti linatumia mfumo wa Michela tangu 1880, wenye vitufe kama vya piano, uliojengwa juu ya silabi. Mtu akitaka kuitengenezea lugha yetu mashine, mimi ningemshauri aanzie huko badala ya Marekani. Plover inaruhusu kubuni mfumo mpya na kamusi mpya, kwa hiyo kikwazo hapo ni muda na akili ya mtu, fedha si tatizo kubwa.

Vifaa nitavipitia haraka. Mashine za waandishi wa mahakama huuzwa kwa maelfu ya dola, achana nazo. Zipo ndogo za wapenzi wa fani, za bei ya chini sana. Laptopu ya kawaida haifai, kwa sababu kibodi zake nyingi hupokea vitufe vichache tu kwa pamoja na vingine hupotea. Tafuta kibodi ya michezo inayopokea vyote. Umeme ukikatika, kibodi ya kuchomeka hunywa betri ya laptopu bila kuimaliza. Kinachonisumbua mimi ni mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, ikianza kupiga kwenye bati, hakuna hedifoni niliyowahi kununua inayoshindana nayo, na kazi inasimama.

Soko nalo limebadilika. Kampuni iliyokuwa ikinitumia imla ilianza kutuma rasimu zilizokwisha kuandikwa na programu ya kutambua sauti, tuzisahihishe, kwa malipo madogo zaidi kwa mstari. Kusahihisha ni kurukaruka ndani ya maandishi, kufuta hapa, kubadili pale. Unaweza kuipa stenotaipu mikupuo ya amri hizo, lakini kasi yake ya kumwaga maneno haipati pa kuchezea.

Na kitu kimoja cha kisheria, kwa wanaofanyia kazi hizi stesheneri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sauti ya mgonjwa kwenye flashi inayochomekwa kompyuta ya kila mtu, kisha kusahauliwa humo, ni kesi inayosubiri mwenyewe.

Yule binti nilimshauri asinunue kitu kwa sasa. Apakue Plover aionje, hata kama kibodi yake itapoteza vitufe vingine, ajifunze vipachiko vya kitabibu, anukuu mahojiano ya Kiswahili kwa kibodi aliyonayo. Halafu nikampa zoezi, zaidi kwa udadisi wangu. Vitenzi vyetu huanza kwa nafsi na wakati: ni, u, a, tu, m, wa, zikikutana na na, li, ta, me. Sita mara nne ni 24. Kila mchanganyiko ukipewa mkupuo mmoja, "wamekohoa" inaanza na mkupuo mmoja badala ya miwili, na hivyo kwa maelfu ya vitenzi.

Alirudi baada ya wiki mbili na daftari, 24 zote zimejazwa kwa wino wa buluu. Chini yake kwa wino mwekundu alikuwa ameandika: "Na ukanushi je, mama?" Sikuwa nimeuhesabu. Anakohoa, hakohoi. Mwanzo unabadilika, mwisho unabadilika, na irabu ile ya mwisho niliyokuwa tayari kuiacha ibahatishwe ndiyo sehemu ya jibu la mgonjwa. Tukaanza upya ukurasa mwingine.